Mtungi Uliofungwa Kifuniko

Sura ya Saba

Ilibaki sahihi moja tu, ya shahidi kwenye maelezo yake. Sajini Filister Kageha alishuka matatu kituo cha Kawangware 56 na faili kwapani, Konstebo Ouma akimfuata nyuma, na moyoni alikuwa na hakika kwamba jioni kesi ya Nasike ingekuwa mezani kwa bosi, imefungwa na kufungika.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Jumamosi iliyopita Mzee Ng'ang'a, mwenye ploti hapo Kawangware na mzee wa kanisa, alipokea wageni wa ruracio, mazungumzo ya mahari ya binti yake Ciru. Chifu alimpa kibali cha kutengeneza muratina, ile divai ya Wagikuyu ya asali na maji ya miwa. Sifuna, fundi wa mawe anayekaa Mashimoni, Kibera, aliitwa kusimamisha hema. Mkewe, Nasike, aliitwa kuosha vyombo. Jioni Sifuna alitangulia kurudi Kibera kwa miguu. Alifika karibu na msikiti wa Makina akaanguka, mate yakimtoka, jasho limemlowesha kama aliyenyeshewa. Alikufa kabla ya asubuhi. Daktari wa hospitali alisema ni sumu, na yule wa mochari baadaye akaitaja kwa jina: dawa ya kupe, ile ya kuogeshea ng'ombe.

Jumapili asubuhi Kageha alimkuta Nasike uani kwa Mzee Ng'ang'a. Alikuwa amelala hukohuko ili amalize vyombo, na hakujua hata kwamba ameshakuwa mjane. Alikuwa ameinama juu ya beseni, akisuuza mapande ya miratina, yale matunda ya mwegea yenye nyuzinyuzi ambayo ndiyo huichachusha divai, na akiyaanika juu ya mabati moja moja. Kikapuni mwake mlikuwa na chupa ndogo ya dawa ya kupe. Na Mashimoni majirani walikuwa tayari kuapa kwamba Ijumaa yeye na mumewe walitukanana mpaka watu wakatoka nje kutazama.

Sasa, Kageha ni mtoto wa Maragoli, na mama yake alisomesha watoto kwa kuuza busaa, ile pombe ya mahindi na wimbi ya watu wa magharibi. Kwao pipa la busaa haliguswi siku ya pili. Machicha hukaa humo mpaka kuku nao wapate sherehe yao. Mtu anayekimbilia kuosha vyombo vya pombe kabla jua halijapanda, alijiambia, ana jambo la kuficha. Akamfunga pingu huku mikono ya mwanamke yule ikichuruzika maji.

Leo maiti ya Sifuna ilikuwa ikisafirishwa kwao Bungoma, magharibi. Kaka yake, Wakoli, alifika kituoni asubuhi kusema neno moja: yule mwanamke asilione jeneza. Nasike naye, kutoka ndani ya selo, aliomba jambo moja tu, amsindikize mumewe, hata kwa pingu. Kageha alimjibu kwamba muuaji hasindikizi. Alilisema bila kupandisha sauti, na akaona kwamba amesema vizuri.

Jua lilikuwa limetoka. Mwaka huo wa mvua za Elnino jua lilikuwa kama mgeni wa heshima: likionekana, kila mtu anaacha alichoshika. Kawangware nzima ilikuwa imeanika blanketi, magodoro na sare za shule. Wakipita nyuma ya saluni moja, Kageha akasimama ghafla hata Ouma akamgonga kisigino.

Juu ya paa la saluni yalikuwa yamepangwa mapande ya kahawia yenye nyuzinyuzi, yameoshwa, yanafuka mvuke. Paa la jirani nalo lilikuwa nayo. Na nyumba ya tatu, juu ya banda la kuku, vilevile.

Mwenye saluni, mwanamke mnene aliyejitambulisha kama Njambi, alikuwa mlangoni akichana nywele za mteja.

"Dada," Kageha akamwita, "hizo juu ni nini?"

"Miratina ya baba. Unataka kununua?"

"Nani ameziosha?"

"Mimi. Si juzi alipikia wazee wenzake? Sasa ningeacha zioze?"

"Mliziosha siku gani?"

Njambi akamtazama kama anayetazama mtu aliyeuliza kwa nini watu hulala usiku. "Ukishatoa pombe unaosha saa hiyo hiyo, mami. Ikilala na maji inashika ukungu, na ukishaharibu miratina ya mzee, utahama hii plot. Na vile kunanyesha hivi, jua likitoka hata kama uko kanisani unakimbia nyumbani kuanika."

"Kila mtu anafanya hivyo?"

"Kila mtu anayetengeneza. Wewe si wa huku, eh?"

"Mnaosha kwa sabuni?"

Hapo Njambi na mteja wake wakacheka pamoja. "Sabuni! Hiyo kitu inachemsha pombe inakaa ndani ya hizo nyuzi. Ukiweka sabuni umeiua. Hata vibuyu, hata mapipa, ni maji moto na mchanga peke yake."

Kageha akashukuru, akaondoka. Ouma, kijana asiyejua kunyamaza, ndiye aliyeanza.

"Sajini, kumbe huyo mama alikuwa anafanya tu job yake."

"Nimesikia."

"Na sisi tukaandika alikuwa anaharibu ushahidi."

"Ouma, nimesikia."

Usilolijua ni usiku wa giza, na Kageha alikuwa ametembea gizani akiwa na pingu mkononi. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Lakini askari akipoteza mguu mmoja wa kesi hujaribu kusimama kwa ule mwingine, naye akajaribu. Ugomvi ulikuwepo. Chupa ilikuwepo. Nasike alidai kwamba chupa alipewa na Wainaina, mtoto wa Mzee Ng'ang'a, akaue kunguni kitandani. Kunguni wa Mashimoni wanajulikana, na watu huwapiga kwa kila sumu inayopatikana.

"Wainaina alisemaje kuhusu chupa?" Ouma akauliza.

"Sikumuuliza."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa na jibu tayari," Kageha akasema, na maneno yenyewe yakamwudhi alipoyasikia.

Mzee Ng'ang'a aliwapokea kwa chai kabla hawajaketi. Alikuwa mtu mrefu aliyenyooka, koti limepigwa pasi, ila macho yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekosa usingizi. Aliiomba kalamu mwenyewe.

"Ni wapi naweka sign, madam? Tumalize hii maneno. Ile familia ya kule Ciru anaolewa wananiuliza uliza."

"Kabla ya sahihi, Mzee, nataka kuona tena stoo ya vyombo."

"Si uliona Jumapili?"

"Niliangalia. Sijui kama niliona."

Mzee akatoa ufunguo mfukoni. Jumapili mlango ule haukuwa na kufuli.

Ndani, vyombo vilikuwa vimepangwa kwa nidhamu ya kanisani. Mapipa mawili yamepinduliwa juu ya mawe ili upepo upite chini. Vibuyu vimening'inia kwenye kamba, midomo wazi. Mitungi ya plastiki imechomekwa kwenye vigingi kichwa chini, na vifuniko vyake vyote vimewekwa ndani ya kikapu kimoja. Kageha alinusa pipa la kwanza, la pili, kisha kibuyu kimoja baada ya kingine. Vyote vilitoa harufu ileile ya uchachu mtamu, na ndani vilikuwa vikavu kama gunia.

Nyuma ya mapipa, sakafuni, palikuwa na mtungi mdogo wa njano, mpini wake umeungua upande mmoja. Ulikuwa umesimama wima, kifuniko kimekazwa.

"Huu mbona umefungwa?"

"Ni watoto hao."

Kageha akafunga leso mkononi, akafungua. Ndani, matone ya maji yalikuwa bado yamegandia pande zake, siku zote hizo. Aliyeuosha hakungoja ukauke. Akausogeza puani. Sabuni ya unga ilimpiga kwanza, kali. Chini ya sabuni kulikuwa na kitu kingine, harufu ya mafuta mazito, na tangu asubuhi ile ya Jumapili, aliponusa chupa ya Nasike, alikuwa akiijua.

"Mzee, mnaosha vyombo vya muratina kwa sabuni?"

"Kamwe!" Mzee akajibu papo hapo, kwa majivuno ya mwenye kazi yake. "Mtu akiweka sabuni kwa chombo changu, hiyo chombo siweki pombe tena maisha yangu yote. Ni ya kutupa."

Alipomaliza kusema ndipo macho yake yakaushukia ule mtungi.

"Basi nusa huu," Kageha akasema.

Mzee hakunusa. "Labda ni yule mama."

"Nasike aliniambia alikuja na sabuni yake, ukamgombeza mbele ya watu, ukampa mchanga na maji moto. Aliniambia hapa hapa uani. Mimi niliandika tu, sikusikiliza."

"Pengine alirudia akifichaficha."

"Alirudia saa ngapi? Nilimkuta hajamaliza kuosha, akatoka hapa na pingu zangu."

Kageha akampa Ouma ishara abaki naye, akachukua mtungi, akaenda zizini.

Wainaina alikuwa akiwanyunyizia dawa ng'ombe wawili wa gredi, akichota kwenye ndoo ya jikoni. Alikuwa kijana wa mabega mapana, mchangamfu, na kwa kitambo Kageha aliona jibu jipya limesimama mbele yake kwa gamubuti. Dawa ni yake. Chupa ya Nasike, aliitoa yeye. Mwanamume anayempa mke wa mtu sumu kisirisiri huenda anampa na mengine, na mume wa mtu ni kizuizi. Lilikuwa jibu zuri, nalo lilikuja mbio kama lile la Jumapili. Kageha akalishika kwa tahadhari safari hii.

"Ulimpa Nasike dawa?"

"Eeh, ya kunguni. Alisema watoto hawalali. Kwani hakuwaambia?" Akasimamisha bomba. "Nimekuwa nikingoja mniulize. Baba alisema mko na mambo yenu, nisiingilie."

"Dawa unaichanganyia kwenye ndoo ya mama yako kila siku?"

"Aa, hapana, mama ataniua. Niko na kamtungi kangu kadogo, lakini kalipotea ile wiki ya ruracio. Nilikasuuza nikakapindua kwa ua kakauke, kurudi, hakuna."

Kageha akautoa mtungi nyuma ya mgongo wake.

"Eh! Ndio hako! Kamechomeka hapa kwa mpini. Ulikapata wapi?"

Mtu mwenye hatia haupokei ushahidi wake kwa kicheko. Kageha alimtazama kijana yule akinyoosha mkono kuuchukua, na hakuwa na shaka naye tena.

"Uliupindua kwenye ua upi?"

"Ule wa vigingi, kule baba anaanika vyake. Kulikuwa na jua kidogo tu upande huo."

Ndipo Wainaina akatazama nyuma ya Kageha, na kicheko kikamkauka. Baba yake alikuwa amekuja mpaka mlango wa zizi, Ouma pembeni yake. Hakuna aliyekuwa amemlazimisha.

"Mwache kijana," Mzee Ng'ang'a akasema. "Yeye alianika tu. Ni mimi nilijaza."

Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, koti lake zuri likigusa samadi.

"Hapa kwetu, madam, kitu ikiwa imepinduliwa kwa kile kigingi, ni safi na ni ya pombe. Hakuna mtu anauliza. Tangu baba yangu iko hivyo. Jioni wageni wamejaa, Sifuna akakuja akaniambia, Mzee, naenda. Alikuwa amefanya kazi nzuri, hema haikuvuja hata na ile mvua. Nikasema huyu hawezi kwenda mkono mtupu. Nikachukua mtungi kwa kigingi, nikamtilia kama vikombe viwili, nikampea na mikono miwili, vile unapea mzee mwenzako."

"Akanywa."

"Akaonja. Akaniambia, Mzee, hii ni chungu." Akautazama mtungi mkononi mwa Kageha. "Nikacheka. Nikamwambia, nyinyi watu wa busaa mnajua nini, muratina ya wazee ni chungu, kunywa uwe mwanaume. Wageni wakacheka pia. Akakunywa yote, akiniangalia. Akasema asante. Akarudisha mtungi."

Ng'ombe mmoja alitikisa kichwa, na matone ya dawa yakaruka. Wainaina alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

"Ulijua lini?" Kageha akauliza.

"Mlipoondoka na yule mama. Mlisema sumu, mkashika ile chupa ya dawa. Nikaenda nikanusa mtungi. Nikachukua sabuni ya bibi yangu nikaosha, nikaosha. Nikafunga ile kifuniko, sikutaka kunusa tena."

"Na hukunifuata."

"Ningesema nini? Ni dawa ya kijana wangu. Ni mkono wangu. Ciru anaolewa." Mzee akainua macho. "Kila asubuhi nilisema, leo naenda. Halafu nasema, labda ni yeye kweli, si alikuwa na chupa? Si polisi wanajua kazi yao? Wewe ulitoka hapa na mtu mkononi, madam. Mimi nilinyamaza tu."

Alichosema mzee kilikuwa kweli. Mmoja alicheka mtu alipomwambia pombe ni chungu kwa sababu ni mtu wa busaa. Mwingine, mtoto wa busaa yeye mwenyewe, alimfunga mtu kwa kuwa ameosha vyombo. Kageha alijisikia mwenye hatia kuliko alivyowahi kujisikia katika kazi hiyo, na hakuona njia ya kulipunguza hilo.

"Simama, Mzee," akasema. "Utamwachia nani funguo?"

Kituoni bosi hakufurahi. Alisema maelezo ya mzee yaandikwe kwanza, mtungi upelekwe kupimwa, na mwanamke ataachiliwa kesho karatasi zikiwa tayari.

"Kesho mume wake atakuwa Bungoma," Kageha akasema.

"Hiyo si kazi yetu."

"Mimi ndiye nilimfunga. Nikikosea tena, niandikie barua."

Akachukua ufunguo msumarini. Nasike alikuwa amekaa kwenye kona ya selo, kitenge kimefunika magoti. Kageha akafungua mlango, akachuchumaa mbele yake.

"Si wewe," akasema. "Ilikuwa ajali. Mtungi wa dawa ulichanganyika na wa pombe. Nilikosea, Nasike."

Nasike hakulia wala hakushukuru. "Wameshaondoka?" akauliza.

"Twende tuone."

Hawakuwa wameondoka. Nje ya mochari jeneza lilikuwa tayari juu ya pikapu, limefungwa kamba, na ndugu wanne wamekaa pande zote mbili. Wakoli alipomwona Nasike akateremka, akasimama mbele yake amepanua mikono.

"Afande, tulikubaliana. Huyu hapandi hapa."

"Hakuua, Wakoli."

"Mlisema ameua."

"Tulisema."

"Nani alisema? Si ilitoka kwa polisi? Nimepiga simu nyumbani, nimeambia mama, nimeambia kijiji kizima. Nani alisema?"

Watu waliokuwa wakingoja maiti zao wakageuka. Kageha angeweza kusema ni daktari, au bosi, au majirani wa Mashimoni. Hata Ouma, aliyekuwa ameendesha gari, alikuwa akimtazama.

"Mimi," akasema. "Ni mimi peke yangu. Nilimkuta akifanya kazi aliyoandikwa kufanya, na sikuijua hiyo kazi. Nikamfunga. Sifuna alipewa pombe kwenye chombo kibaya, na aliyempa hakujua. Mke wake hakuhusika kwa lolote."

Wakoli aliishusha mikono polepole. Alisogea tu, na wale ndugu wengine wakabanana kuacha nafasi. Nasike akashika ubao wa pikapu, akapanda, akaweka kiganja juu ya jeneza na kukiacha hapo muda mrefu. Kisha akageuka.

"Afande."

"Naam."

"Mama yake Sifuna ameambiwa ni mimi. Kijiji chote kimeambiwa. Leo nikishuka na huyu maiti, nikisema si mimi, nani ataniamini? Wakoli akisema, watasema nimemlisha kitu. Hayo maneno umesema hapa, utakuja uyaseme kule. Mbele ya mama."

Kageha alitazama viatu vyake vya kazi, kisha faili iliyokuwa bado kwapani. Hakuwa na ruhusa, wala nguo ya kubadilisha, wala senti ya kurudia. Akampa Ouma ile faili.

"Mwambie bosi niko Bungoma," akasema, na akapanda.